Gamper wa Barcelona: mgeni aliyeanzisha klabu alibaki na nini?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mbeya, nauza vipuri vya magari Lubumbashi, na huu ni mwaka wangu wa saba ugenini. Miaka mitatu iliyopita niliwakusanya vijana wa mtaa ninaokaa pamoja na wageni wenzangu wachache, tukaanzisha timu ya mpira. Jezi, mipira, nauli na maji ya kunywa hutoka mfukoni mwangu. Vijana wamenipa jina la 'Gamper wetu', na nililipenda mpaka nilipoanza kusoma habari za huyo Gamper mwenyewe. Mmoja anasema alikuwa bwanyenye wa Uswisi aliyeinunua Barcelona. Mwingine anasema alikuwa safarini kuja Afrika akakwama njiani. Mwingine anasema klabu ilimtupa, akafilisika, akajiua. Mke wangu naye ameyasoma, na sasa ananisihi niachane na mpira kabla haujanimaliza, hasa kwa kuwa biashara mwaka huu imeyumba na nimekopa mara mbili ili timu isikose mechi. Ukweli ni upi? Na mtu aliyeanzisha klabu katika nchi ya watu, mwisho wake anabaki na nini?"

Marahaba, ndugu yangu. Nimelisoma swali lako mara kadhaa, kwa sababu ndani yake mna maswali mawili yaliyofungwa katika fundo moja. La kwanza ni la historia, nalo linahusu maisha ya mtu aliyefariki mwaka 1930. La pili ni la nyumbani kwako, nalo linahusu fedha, deni na hofu ya mkeo. Nitaanza na lile la kwanza, maana hofu ya mkeo imejengwa juu ya habari ambazo baadhi yake ni za kweli, baadhi zimepindwa, na baadhi hazina msingi wowote. Na haifai mtu aamue jambo la familia yake kwa kutumia hadithi iliyopinda.

Hilo la bwanyenye aliyeinunua Barcelona liondoe kabisa. Hans Gamper alizaliwa Winterthur, Uswisi, tarehe 22 Novemba 1877. Mama yake alifariki kwa kifua kikuu wakati Hans akiwa bado mtoto, na familia ikahamia Zürich, ambako kijana huyu alikulia katika michezo: alikimbia, aliendesha baiskeli za mashindano, na alicheza mpira wa miguu kwa bidii kiasi kwamba mwaka 1896, kabla hajatimiza miaka 19, alikuwa miongoni mwa walioanzisha FC Zürich. Kwa hiyo Barcelona haikuwa klabu yake ya kwanza kuianzisha. Kazi yake ilikuwa ya vitabu vya hesabu. Alifanya kazi kwa muda katika mji wa Lyon, Ufaransa, na alipofika Barcelona mwaka 1898 alikuwa mhasibu kijana: alitumikia benki ya Crédit Lyonnais, akafanya kazi ya uhasibu katika kampuni ya reli ya Sarrià, na pembeni akawa anaandikia magazeti ya Uswisi habari za michezo. Huyo ndiye mtu aliyeanzisha klabu. Alikuwa karani mwenye mshahara na miguu mizuri, na biashara yake mwenyewe ilikuja baadaye, klabu ikiwa tayari ipo.

Kuhusu safari ya Afrika, simulizi lililozoeleka linasema kwamba alikuwa njiani kwenda kusaidia kuanzisha makampuni ya biashara ya sukari, akapita Barcelona kumsalimia mjomba wake, Emili Gaissert, aliyekuwa akiishi huko, akaupenda mji na hakuondoka tena. Ninakushauri ulichukue simulizi hilo kwa tahadhari ile ile tunayoichukulia hadithi ya mwanzo wa ukoo: huenda lina kiini cha kweli, lakini limesimuliwa vizuri mno. Lisilo na shaka ni kwamba alikuwa na ndugu mjini, alipata kazi, akakaa Sant Gervasi, kitongoji kilichokuwa na wageni na Waprotestanti wenzake, akajifunza Kikatalani, lugha ya Katalunya, jimbo la Hispania ambalo Barcelona ndio mji wake mkuu, mpaka akakimudu, na jina lake la Hans likageuka kuwa Joan, kama wenyeji wanavyolitamka. Hakukwama njiani. Alichagua kuishi pale, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Hapa inafaa nieleze kwa nini mgeni, tena kijana asiye na mali, aliweza kuanzisha klabu, kwa sababu bila kulielewa hilo mambo mengine yote yataonekana kama miujiza. Mpira wa miguu mwishoni mwa karne ya 19 ulisafiri na watu wa biashara, wa migodi, wa reli na wa viwanda. Huko Huelva, kusini mwa Hispania, Waingereza waliohusika na migodi ya Rio Tinto walikuwa na klabu tangu mwaka 1889. Genoa ya Italia ilianzishwa na Waingereza mwaka 1893. Milan ilianzishwa Desemba 1899, wiki chache tu baada ya Barcelona, na miongoni mwa waasisi wake walikuwemo Herbert Kilpin, fundi wa viwanda vya nguo kutoka Nottingham, na Alfred Edwards, mfanyabiashara aliyekuwa rais wake wa kwanza. Mgeni katika mji wa biashara alikuwa na vitu vitatu ambavyo wenyeji wengi hawakuwa navyo kwa pamoja: alizijua kanuni za mchezo, alikuwa na jioni na Jumapili zisizo na shughuli za ukoo, na alikuwa na upweke. Usiudharau huo upweke. Mtu aliye kwao hahitaji klabu ili apate wa kumjulia hali. Aliye ugenini anaihitaji, na nadhani wewe unalifahamu hilo kuliko mimi.

Tarehe 22 Oktoba 1899 gazeti la michezo la Los Deportes lilichapisha tangazo fupi likisema kwamba bwana mmoja, bingwa wa zamani wa Uswisi, angependa kuandaa mechi za mpira mjini, na wenye mapenzi na mchezo huo wafike katika ofisi ya gazeti Jumanne na Ijumaa usiku. Jina lake lilichapishwa kwa makosa: "Kans Kamper". Ninalipenda sana kosa hilo, kwa maana linatuonyesha jinsi alivyokuwa mtu asiyejulikana. Katika siku hizo hizo, kama inavyosimuliwa katika historia ya klabu, alikuwa amekataliwa na kundi la ukumbi wa mazoezi wa Gimnasio Tolosa ambalo halikutaka wageni, na ndipo akaelekea ukumbi mwingine, Gimnasio Solé. Huko, tarehe 29 Novemba 1899, wiki moja baada ya kutimiza miaka 22, alikutana na wenzake 11: Walter Wild, Lluís d'Ossó, Bartomeu Terradas, Otto Kunzle, Otto Maier, Enric Ducal, Pere Cabot, Carles Pujol, Josep Llobet, na akina Parsons wawili, John na William. Yapitie tena majina hayo polepole. Mna wageni na mna Wakatalani, wote katika chumba kimoja. Urais hakuuchukua Gamper. Alipewa Wild, aliyekuwa mkubwa kwa umri, na Gamper akawa nahodha. Mechi ya kwanza ilichezwa tarehe 8 Desemba katika uwanja wa mbio za baiskeli wa Bonanova, dhidi ya timu ya Waingereza waishio mjini, na Barcelona ilifungwa bao 1 kwa 0.

Kwa hiyo anayesema "Gamper aliianzisha Barcelona" hakosei, lakini anayesema "aliianzisha peke yake" anakosea, na tofauti hiyo ndiyo nguzo ya jibu langu lote. Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba 1900, wanafunzi waliokuwa na Ángel Rodríguez walianzisha klabu ambayo leo inaitwa Espanyol, wakisisitiza kwamba yao ni ya Wahispania, kinyume na zile zilizojaa wageni. Shutuma ya ugeni, basi, ilikuwepo tangu mwanzo. Kama Barcelona ingekuwa mali ya Mswisi mmoja, shutuma hiyo ingeimaliza. Iliponea kwa sababu Terradas alikuwa mtoto wa pale pale. Na alipokuwa rais wa pili, Wild akiwa ameondoka mwaka 1901, yeye ndiye aliyetoa fedha zake mwenyewe ili klabu isizame. Mkatalani aliokoa klabu ya wageni kabla mgeni hajaja kuiokoa klabu ya Wakatalani.

Niseme kidogo juu ya rangi za klabu, maana vijana wako watakuuliza. Wengi husema kwamba bluu na wekundu wa zambarau vilitoka FC Basel, ambako Gamper aliwahi kucheza. Wengine huzihusisha rangi hizo na shule ya Merchant Taylors huko Crosby, Uingereza, kwa kuwapitia akina Witty, ndugu wa Kiingereza waliochezea klabu mapema. Wengine huzitaja penseli za wahasibu, zilizokuwa nyekundu upande mmoja na bluu upande wa pili. Wanahistoria hawajaafikiana, na la Basel halipaswi kufundishwa kama jambo lililothibitishwa.

Sasa tufike mwaka 1908, ambao kwangu mimi ni muhimu kuliko 1899. Gamper alikuwa ameacha kucheza mwaka 1903 akiwa amefunga zaidi ya mabao 100 katika mechi zipatazo 50, alikuwa ameshika biashara, na mwaka 1907 alikuwa amemwoa Emma Pilloud, Mswisi mwenzake. Klabu, kwa upande wake, ilikuwa inakufa kifo cha kawaida cha klabu: wachezaji walizeeka au wakahama, ushindi ulikauka baada ya ubingwa wa Katalunya wa 1905, na wanachama wakaacha kulipa ada hadi wakabaki 38. Tarehe 2 Desemba 1908, wenzake walipokuwa tayari kuivunja, Gamper alisema klabu hiyo haipaswi kufa, akaushika urais kwa mara ya kwanza.

Aliyoyafanya baada ya hapo yanastahili kuangaliwa kwa makini na kila mtu anayelea klabu changa. Tajiri wa kawaida angemwaga fedha katika usajili. Yeye alitafuta uwanja kwanza. Tarehe 14 Machi 1909, miezi mitatu tu baadaye, klabu ilifungua uwanja wa mtaa wa Indústria, uwanja wake wa kwanza, uliochukua watu wapatao 6,000. Elewa maana yake kihesabu, kwa kuwa mtu huyu alikuwa mhasibu kabla ya kuwa rais. Klabu isiyo na uwanja haiwezi kukusanya kiingilio kwa uhakika, haiwezi kumwahidi mwanachama kiti, wala haina mahali ambapo mwanachama anaweza kusimama akasema "hapa ni petu". Hulazimika kuishi kwa mfuko wa mtu. Klabu yenye uwanja ina mlango, na penye mlango pana kiingilio. Ina kadi za uanachama zenye maana, na wanachama huleta wanachama. Watu walizidi nafasi mpaka wakawa wanakaa juu ya ukuta wa uwanja, na waliopita barabarani waliona safu ya makalio yamepangana huko juu; ndipo lilipotoka jina "culers" ambalo mashabiki wa Barcelona wanajiita kwa fahari hadi leo.

Mwaka 1910 klabu ilitangaza shindano la kubuni nembo, na mshindi akawa Carles Comamala, mchezaji na mwanafunzi wa udaktari, aliyeuweka msalaba wa Mtakatifu George na milia ya Katalunya juu ya rangi za klabu na mpira. Zingatia kwamba nembo hiyo ilibuniwa na mwenyeji, ikiwa na alama za wenyeji, wakati rais akiwa Mswisi. Mwaka 1912 alianza kucheza kijana wa miaka 15, Paulino Alcántara, mzaliwa wa Ufilipino, ambaye alikuja kuwa mfungaji wa ajabu. Mwaka 1917 timu ilikabidhiwa kwa Mwingereza Jack Greenwell, na baadaye wakaja Josep Samitier na kipa Ricardo Zamora. Kombe la Mfalme, yaani kombe la taifa la Hispania, lilichukuliwa 1910, 1912, 1913, 1920, 1922 na 1925. Tarehe 20 Mei 1922 ulifunguliwa uwanja wa Les Corts, uliobeba watu wapatao 20,000 mwanzoni na kuongezwa mara kwa mara, na kufikia katikati ya miaka hiyo ya 1920 wanachama walikuwa wamepita 10,000. Kutoka 38 hadi zaidi ya 10,000 ni mwendo wa takriban miaka 15.

Katika miaka hiyo yote Gamper hakukaa madarakani mfululizo. Aliushika urais mara tano: 1908 hadi 1909, 1910 hadi 1913, 1917 hadi 1919, 1921 hadi 1923, na 1924 hadi 1925. Aliingia, akatoka, wengine wakaongoza, akarudi alipohitajika. Ninaamini kwamba huku kutoka kwake kuna uzito sawa na kuingia kwake. Kiongozi asiyewahi kukabidhi funguo hajui kama nyumba inaweza kusimama bila yeye, na waliomo ndani hawajui pia. Wanachama wa Barcelona walilijua hilo mara nne kabla ya lile pigo la mwaka 1925.

Pigo lenyewe lilikuja hivi. Tangu Septemba 1923 Hispania ilikuwa chini ya udikteta wa Jenerali Miguel Primo de Rivera, uliobana lugha na alama za Katalunya, na klabu ilikuwa tayari imejipambanua: mwaka 1918 iliunga mkono hadharani dai la Katalunya kujitawala mambo yake ya ndani. Tarehe 14 Juni 1925, katika mechi ya kuienzi kwaya ya Orfeó Català uwanjani Les Corts, bendi ya wanamaji wa Uingereza ilipiga wimbo wa ufalme wa Hispania, na umati ukauzomea kwa miluzi. Serikali iliufunga uwanja kwa miezi sita, adhabu ambayo baadaye ilipunguzwa, na Gamper akalazimika kuacha urais na kuondoka nchini kwenda Uswisi. Aliporuhusiwa kurudi, sharti lilikuwa kwamba asijihusishe tena na klabu.

Kwa hiyo yule anayesema klabu ilimtupa amegeuza mambo juu chini. Dola ndiyo iliyomtenganisha na klabu, na adhabu ilimwangukia yeye kwa sababu alikuwa rais na kwa sababu alikuwa mgeni, kwani mgeni hufukuzwa kwa urahisi kuliko mwenyeji. Na zingatia pia kilichofuata: klabu haikuvunjika. Arcadi Balaguer alishika nafasi, na mwaka 1926 kombe likachukuliwa tena. Ilimuuma Gamper kuwa mbali, na nina hakika kwamba ilimuuma sana, lakini kile alichokijenga kiliendelea kutembea kwa miguu yake.

Sasa mwisho wake, ambao ndio uliomtia mkeo hofu. Anguko la soko la hisa la New York la Oktoba 1929 liliyumbisha biashara duniani kote, na mali ya Gamper ikaathirika vibaya. Alikuwa tayari katika sonona. Tarehe 30 Julai 1930 alijitoa uhai Barcelona, akiwa na miaka 52, akazikwa katika makaburi ya Montjuïc. Nakuomba unisikilize vizuri hapa. Si haki kwake, wala si kweli kitabibu, kusema kwamba mpira ulimuua, au kwamba deni lilimuua, au kwamba kufukuzwa nchini kulimuua. Maelfu ya wafanyabiashara walipoteza mali mwaka huo na wakaishi. Sonona ni ugonjwa, na zama zile haukuwa na tiba kama za leo wala haukuzungumzwa bila aibu. Mzigo wa fedha, kunyamazishwa, na kutengwa na jambo alilolipenda vilikusanyika juu ya mtu mgonjwa. Anayekisimulia kifo hicho kama malipo ya kupenda mpira anamkosea marehemu, na anamtisha bure mtu kama mkeo.

Je, alibaki na nini? Kwa maana ya mali, hakubaki na kitu katika klabu, kwa sababu hakuwahi kuwa na hisa ndani yake. Barcelona ilikuwa, na hadi leo ni, mali ya wanachama wanaomchagua rais. Sheria ya michezo ya Hispania ya mwaka 1990 ilipozitaka klabu za kulipwa zigeuke kuwa kampuni, nne tu ziliruhusiwa kubaki za wanachama, nazo ni Barcelona, Real Madrid, Athletic Bilbao na Osasuna. Jina lake lipo: tangu 1966 klabu huandaa kila mwaka Kombe la Joan Gamper kabla ya msimu, na kituo cha mazoezi kilichofunguliwa Sant Joan Despí mwaka 2006 kinaitwa kwa jina lake. Huko Lubumbashi kwenyewe unao mfano wa karibu zaidi, kwani TP Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na watawa Wabenediktini, wageni watupu, na leo hakuna anayewauliza watu wa Katanga kama timu ile ni ya kwao.

Tukirudi kwako. Umejilinganisha na Gamper kwa kuwa nyote ni wafanyabiashara ugenini, lakini katika jambo moja unafanya kinyume chake: yeye alijenga klabu iliyolipa gharama zake kwa ada na viingilio, wewe umejenga timu inayolipiwa na duka la vipuri. Sikulaumu, maana kila klabu huanza kwa mfuko wa mtu, na Terradas alifanya hivyo pia. Tatizo ni kukaa hapo mwaka wa tatu. Duka likikohoa, vijana hawachezi, na ukikopa ili wacheze, unaweka rehani kitu ambacho si chako peke yako, kwa kuwa duka hilo ni la mkeo na watoto vilevile.

Njia ulizo nazo nazipima hivi. Unaweza kuendelea kama ulivyo, ukiwa mlezi mwenye kauli ya mwisho; faida yake ni wepesi wa uamuzi, hasara yake ni kwamba siku ukiugua au ukirudi Mbeya timu inakufa, na kwa hali ya biashara yako siioni kuwa njia salama. Unaweza kuacha ghafla kama mkeo anavyotaka. Utapumua kifedha, lakini vijana waliokuamini wataachwa barabarani katikati ya msimu, na wewe utapoteza sehemu ya maisha yako ya ugenini ambayo, kwa jinsi ulivyoandika, inakushikilia. Au unaweza kutangaza kikomo: uitishe kikao, uweke mezani daftari la matumizi ya miaka mitatu bila kuficha chochote, useme ni kiasi gani utatoa kwa mwezi kuanzia sasa na kwamba hutakopa tena, kisha wachaguliwe mwenyekiti na mweka hazina kutoka kwa wazazi na wenyeji wa mtaa, na kila mwanachama alipe ada hata kama ni ndogo kiasi gani. Njia hii ni ngumu na itakuuma, kwa sababu wapo watakaouliza umetoa kiasi gani na wapo watakaokusahau mapema. Huenda pia ikashindikana: mtaa ukikataa kuchangia kabisa, utakuwa umejifunza kwamba timu ilikuwa ya kwako peke yako, na hapo kuifunga kwa heshima mwisho wa msimu hakutakuwa aibu. Hata hivyo, mimi ningeijaribu hii kwanza.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Kuhusu usajili, Kongo inayo sheria namba 004 ya mwaka 2001 inayohusu vyama visivyo vya kibiashara, na nafasi ya raia wa kigeni katika uongozi wa chama ni suala la kumwona mwanasheria wa hapo Lubumbashi ana kwa ana, ukiwa na kibali chako cha ukaazi mkononi, kabla jina lako halijaandikwa popote. Kuhusu mikopo miwili, kaa na mhasibu, utenganishe hesabu ya duka na ya timu hata kama jambo hilo litachukua wiki nzima. Gamper angekuambia hivyo hivyo. Na kuhusu wewe mwenyewe: umeeleza hofu ya mkeo, ila hujasema wewe unalalaje. Ikiwa usingizi umekatika kwa wiki kadhaa, chakula hakipiti, unawakwepa watu, au wazo la kwamba bora usiwepo limewahi kukujia hata mara moja, usingoje kikao wala mwanasheria. Mwambie mkeo leo, na nenda naye hospitali mkamwone daktari, mumwambie wazo hilo waziwazi.

Mpe mkeo barua hii aisome yeye mwenyewe, hasa yale ya mwaka 1908 na ya 1930. Akiwa na swali ambalo sikulijibu, aliandike yeye kwa mkono wake, nami nitamjibu.